Swali la Langoni: Miaka Yangu ya Kuwachagulia Wanafunzi Vyuo

Mwalimu mkuu ameniomba niwaachie maandishi nyinyi mnaochukua ofisi ya ushauri nasaha. Alitaka kurasa mbili. Nimestaafu, niko na wakati, kwa hivyo zitazidi. Mambo ya kupandishwa cheo sitayaandika; yako kwenye faili yangu na hayajawahi kumsaidia mwanafunzi yeyote. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kumsaidia mtoto kuchagua chuo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoifanya vibaya kwa muda mrefu zaidi. Majina yote nimebadilisha. Msichana ninayemwita Naserian amezisoma kurasa hizi, akafuta sentensi mbili, akaniambia zilizobaki ziko sawa.

Nilipofika shule yetu, Kitengela ilikuwa bado ndogo na punda milia walipita nyuma ya bweni bila kuogopa mtu. Nililetwa kufundisha Jiografia na Kiswahili. Wiki ya pili mwalimu mkuu wa wakati huo aliniita, akaniuliza kama ninapenda kuongea na watoto. Nikasema ndiyo, nikidhani ananikaribisha tu. Jioni nikakuta jina langu kwenye ubao wa matangazo: Madam Nekesa, ushauri nasaha na uchaguzi wa vyuo. Mafunzo sikupewa. Nilipewa ufunguo wa stoo ya vifaa vya michezo, meza moja, viti viwili, na nyavu za voliboli zilizokaa humo miaka sita kabla ya mtu kuzikumbuka.

Siku hizo tulipokea kitabu kinene cha kozi, kila kozi na nambari yake na pointi zake za kuingilia. Mimi nilikuwa na penseli nyekundu na rula. Mtoto akiingia nilijumlisha pointi zake, nikateremsha rula kwenye ukurasa, na pale iliposimama ndipo nilipomwambia aombe. Nilikuwa mwepesi. Kidato cha nne kizima ningeweza kukimaliza kwa siku tatu, na mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wazazi kwamba watoto wetu hawapotezi pointi. Baadaye kitabu kilihamia kwenye mtandao, watoto wakaanza kupanga foleni kwenye saiba badala ya mlangoni kwangu, lakini rula yangu ilibaki ile ile, kichwani.

Dennis Wafula alikuwa mtoto wa mama niliyesali naye kanisa moja. Mama Dennis alitoka Bungoma kama mimi, alikuwa karani kwenye kampuni ya machimbo ya mawe, na alimlea kijana huyo peke yake kwenye nyumba ya kupanga. Dennis alikuwa hodari wa hesabu. Alipokuwa kidato cha tatu, alikaa karibu mwezi mzima bila kuongea na wenzake. Chakula alikuwa akikigusa na kukiacha. Darasani alilaza kichwa kwenye dawati, na mwalimu wa Fizikia akamleta kwangu akisema kijana amekuwa mvivu. Niliongea naye mara mbili. Aliniambia, "Madam, naona kama kuna ukuta kati yangu na watu." Nikamwambia aombe na ajikaze. Hali ikapita, au tukaona kama imepita. Sikuandika chochote, na mama yake sikumwambia.

Matokeo yake yalikuwa mazuri sana. Rula iliteremka mpaka uhandisi, chuo kikuu kikubwa, mbali, sehemu ya baridi, ambako hakuwa na ndugu wala rafiki. Chuo hicho kilikuwa hakina vitanda vya kutosha, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipanga vyumba nje. Nilijua. Nilimwambia kuwa hayo ni mambo madogo.

Aliondoka mwezi wa tisa. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mwenye nyumba alikopanga aliona kwamba pazia lake halijafunguliwa kwa muda, akagonga mpaka akafunguliwa. Dennis alikuwa hai. Alikuwa hajaenda darasani wiki saba na alikuwa amekonda hata suruali inafungwa kwa kamba. Wiki saba, na chuoni hakuna mtu aliyeuliza. Jina lake lilikuwa likiitwa kwenye orodha, likipita.

Mama yake alimleta nyumbani, kisha akaja shuleni. Alikaa kwenye kile kiti cha wanafunzi, mkoba magotini.

"Mwalimu," akasema, "nimeongea na watoto waliokuwa naye kidato cha tatu. Wanasema alikuwa hivi hivi. Wanasema aliletwa kwako."

"Ni kweli."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukamwambia aende kule."

Nilianza kumweleza habari za pointi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akainuka, akaniambia asante, akatoka. Heri angenigombeza. Dennis alikaa nyumbani karibu miaka mitatu, akapata matibabu, kisha akaingia chuo cha ufundi cha hapa karibu. Leo anaweka nyaya za stima kwenye haya maghorofa yanayoota kila upande, na nasikia kazi yake ni safi. Mama yake tukikutana sokoni hunisalimia, ananiuliza habari za watoto wangu, anaendelea na safari yake. Kuketi chini na mimi hakuketi tena.

Wiki hiyo nilipanda gari mpaka Kajiado mjini, kwenye kliniki ya afya ya akili, nikamtafuta muuguzi anayeitwa Sista Gathoni. Sikumjua. Nilikuwa nimesikia tu kwamba yupo. Alikuwa mama mfupi, mkali kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele, na kwenye benchi nje ya mlango wake niliwakuta watu wa kila aina: mchungaji wa mbuzi, mwalimu, askari, msichana wa saluni. Nilimweleza habari ya Dennis kama mtu anayetubu. Hakunisamehe. Alisema hiyo si kazi yake.

"Nyinyi walimu mnampeleka mtoto kwa pointi," akasema. "Akirudi, tunampokea sisi. Sasa kaa hapo nikufundishe, nina dakika ishirini."

Dakika hizo ishirini zikawa miaka kumi na minne, kwa sababu nilirudi kila likizo mpaka alipostaafu. Alinifundisha kwamba "unajisikiaje" ni swali ambalo mtoto hujibu "fiti" na mazungumzo yakaishia hapo. Niulize amelala saa ngapi, amekula nini jana, na ni nani mwingine anayejua. Alinifundisha kwamba nikishuku mtoto anawaza kujiua, nimuulize waziwazi kwa maneno hayo hayo, kwa maana kuuliza hakumpandikizii wazo, na kunyamaza kunamwacha peke yake nalo. Halafu nimlete siku hiyo hiyo, nisingoje Jumatatu. Na alinifundisha kuhusu vyuo, jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa muuguzi.

"Mtoto wa pumu," alisema, "unaweza kumpeleka mahali bila kujua hospitali iko wapi? Basi huyu pia. Dawa atachukulia wapi? Akikosa darasa wiki mbili, nani ataona? Analala wapi, na nani? Akitaka kupumzika muhula mmoja, atarudi au jina lake litafutwa?"

Nilinunua daftari la jalada gumu, nikayaandika maswali hayo, na likizo zilizofuata nikaanza kuvitembelea vyuo. Wengine walidhani natafuta kazi ya pili. Mnapotembelea vyuo, vile vitabu vyao vya rangi vyenye vijana wanaocheka kwenye nyasi viacheni mezani. Sijawahi kukuta kijana anacheka kwenye nyasi hizo; aghalabu kuna kibao cha kukataza kuzikanyaga. Anzieni langoni. Muulizeni askari: ofisi ya ushauri wa wanafunzi iko upande gani? Akijua, maana yake watu huenda huko. Askari mmoja aliniuliza kama namaanisha ofisi ya nidhamu, na hapo nikawa nimeshajibiwa. Mkiifikia ofisi, angalieni kama mlango unafunguka. Nimekuta mmoja wenye karatasi iliyoandikwa "Narudi sasa hivi" na karatasi yenyewe imegeuka rangi ya chai. Kisha nendeni vibandani wanakokula wanafunzi, muagize chapati, muwaulize wao. Mkuu wa wanafunzi atawaambia kilicho kwenye sera, lakini anayekula chapati atawaambia kama mshauri anajibu simu.

Sasa nifike kwa Naserian, kwa sababu yeye ndiye aliyenionyesha kwamba hata somo la Sista Gathoni naweza kulishika vibaya.

Naserian alitoka Kimana, ambako baba yake, Mzee Lemomo, alilima nyanya na vitunguu vya kumwagilia maji. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alipenda Kemia kama wengine wanavyopenda mpira. Kidato cha tatu aliugua. Alianza kuamka alfajiri akilia bila kujua sababu, kisha akaacha hata kulia. Nilimuuliza yale maswali. Alijibu yote kwa ukweli, hata lile gumu, na mchana huo tulikuwa kwenye benchi la Kajiado. Alipewa matibabu na akaendelea kwenda kliniki kila mwezi. Aliporudi kwenye masomo yake alikuwa amerudi kweli, na mwisho wa kidato cha nne alipata alama ambazo shule yetu huziona mara chache.

Alitaka famasia. Baba yake alitaka famasia pia, ila kwenye chuo kikuu kile ambacho kila mtu Kenya anakijua. Kanisani kwao Kimana ilikuwa imeshatangazwa. Mimi nilitaka nini? Nilitaka asome diploma kwenye chuo kilicho nusu saa kutoka hapa, nimuone kila wikendi. Nilimwita ofisini nikamweleza hivyo kwa maneno matamu.

Alinisikiliza akichezea bangili yake ya shanga.

"Madam," akasema, "alama zangu zinatosha famasia?"

"Zinatosha."

"Na Sista amesema siwezi?"

"Hajasema."

"Basi unataka nisome karibu na wewe ndio wewe upate usingizi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimembebesha hesabu ya Dennis, na yeye hakuwa Dennis. Nilimwomba msamaha, jambo ambalo walimu hatufundishwi, tukaanza upya. Kozi hiyo ilipatikana kwenye vyuo kadhaa. Tulichagua viwili: kile maarufu, na kingine kisicho na jina kubwa, kwenye mji wa wastani wenye hospitali ya serikali iliyo karibu na lango lake. Nikampigia Mzee Lemomo, nikamwambia twende tuvione vyote kwa macho kabla ya muda wa kurekebisha machaguo kwisha.

Alikuja na pikapu yake, amevaa koti la kanisani.

"Supa, Mwalimu," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Mzee."

"Nakuja kwa heshima yako," akasema, "lakini mimi nimeshaamua."

Chuo maarufu kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Maabara zao zilimfanya Naserian asimame kimya kama yuko kanisani. Askari alijua ofisi, lakini alituambia mshauri ni mmoja na siku hiyo yuko kwenye mkutano. Tukapelekwa kwa bwana mmoja wa usajili. Nilimuuliza mwanafunzi akiugua akili katikati ya muhula inakuwaje.

Akatabasamu. "Madam, hapa tunachukua vichwa vya nchi nzima. Mtu mgonjwa wa akili hawezi kufika hapa."

Nilimtazama Naserian. Alikuwa ameangalia sakafu. Halafu nikamsikia Mzee Lemomo akiuliza, polepole, "Umesema hawezi kufika?"

"Hawezi, Mzee."

"Amefika," akasema Mzee. "Ni huyu." Akachukua kofia yake, tukatoka.

Kitu pekee alichosema Mzee njiani ni kwamba maabara zilikuwa nzuri, na alikisema kama mtu anayetaja ng'ombe aliyeshindwa kumnunua.

Chuo cha pili tulikitembelea siku iliyofuata. Maabara zilikuwa za kawaida. Ofisi ya ushauri tuliikuta baada ya askari kutuonyesha kwa kidole, na mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mwanamume wa makamo, sweta imetoboka kiwiko, akila githeri kwenye bakuli la plastiki. Alijitambulisha kuwa Bwana Musyoka, akaomba radhi kwa githeri, akaifunika. Nilitoa daftari. Alijibu swali moja moja bila kujipamba. Washauri ni watatu. Siku za kawaida mwanafunzi anaonwa wiki hiyo hiyo. "Wakati wa mitihani wanangoja hata wiki mbili, siwafichi," akasema. "Lakini dharura haingoji, tunaiona siku hiyo." Walimu hutuma majina ya wanaokosa madarasa mfululizo, na yeye huwatafuta mpaka hosteli. Dawa zinachukuliwa hospitali ya ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi akiahirisha muhula, nafasi yake inamngoja.

Mzee Lemomo aliuliza swali moja tu. "Akiugua, utanipigia?"

"Hapana, Mzee," akasema Bwana Musyoka. "Yeye ni mtu mzima. Kukiwa na hatari ya maisha, ndiyo, tunapiga. Zaidi ya hapo, nampigia mtu ambaye yeye mwenyewe ameandika."

"Mimi ni baba yake."

"Najua, Mzee."

Niliona shingo ya Mzee ikijaa. Bwana Musyoka hakubishana. Alitoa fomu kwenye droo, akamwekea Naserian mbele pamoja na kalamu, akasema si lazima aijaze leo, wala si lazima aijaze kabisa. Nilijua vile Naserian na mama yake wanavyopendana. Nilijua pia kwamba alipokuwa mgonjwa kidato cha tatu, baba yake alikaa miezi miwili akiwaambia watu kwamba ni malaria. Na niseme ukweli, sehemu fulani yangu ilitarajia jina langu.

Aliandika jina la baba yake na nambari yake ya simu. Akamgeuzia karatasi aone kama nambari iko sawa. Mzee aliisoma muda mrefu kuliko tarakimu zenyewe zinavyohitaji.

"Iko sawa," akasema.

Naserian alikipeleka chuo hicho juu kwenye machaguo yake na akakipata. Ningependa kuwaandikia kwamba hakuugua tena. Aliugua. Ilikuwa mwaka wa pili, muhula wa pili. Alikosa madarasa siku nne, jina likatumwa, Bwana Musyoka akaenda hosteli. Kwa ruhusa ya Naserian akampigia baba yake, ambaye simu ilimkuta kati ya mistari ya nyanya. Mzee hakunipigia mimi kwanza, kama ambavyo angefanya zamani. Aliendesha pikapu mpaka chuoni na viatu vya shamba. Naserian aliniambia kwamba baba yake aliingia, akakaa kando ya kitanda, na kwa saa nzima hakuuliza kitu.

Waliahirisha muhula. Alirudi Kimana, akabadilishiwa dawa, akawa anaamka na kumsaidia mama yake polepole. Jumapili ya kwanza waliyokwenda kanisani watu walishangaa kumuona katikati ya muhula, na mzee mmoja wa kanisa akauliza kama chuo kimefungwa. Mama yake alifungua mdomo ajibu. Mzee Lemomo akamtangulia.

"Chuo hakijafungwa," akasema, mbele ya wote waliokuwa pale uwanjani. "Mtoto anaumwa na huzuni. Anatibiwa. Akipona atarudi."

Naserian aliponieleza hayo alisema mzee wa kanisa alitikisa kichwa tu, akauliza habari za mvua. Wiki hiyo hiyo wazazi wawili walikuja kwao nyumbani, kwa siku tofauti, wakitaka kujua kliniki iko wapi.

Alichelewa kumaliza kuliko wenzake. Sasa ni mfamasia, anafanya kazi hospitali ya mji mmoja ambao sitautaja, na bado ana siku zake mbaya, ambazo anazijua zinavyoingia na anajua la kufanya. Kama angebaki karibu na mimi kama nilivyotaka, sijui ingekuwaje. Kama angeenda kule kwa vichwa vya nchi nzima, hilo pia sijui. Kazi hii haikupi njia ya kulinganisha.

Ninachokumbuka zaidi ni siku aliporudi chuoni baada ya ule muhula. Mzee Lemomo alimpeleka mwenyewe. Nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili simu ilipolia.

"Mwalimu," akasema, "niko hapa langoni. Nilikuwa nimepanga kukaa mjini siku tatu, nione anaendeleaje. Nimeshatafuta hata mahali pa kulala."

"Na yeye anasemaje?"

Nyuma yake nilisikia sauti za wanafunzi wanaoburuta masanduku.

"Amenifukuza," akasema. "Amesema, baba, nyanya zinaoza, rudi nyumbani. Nikikuhitaji nitakupigia."

"Utafanya nini sasa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Rudi nyumbani, Mzee," nikamwambia.

Alishusha pumzi, na nikasikia pikapu ikiwaka.